Kabla Hujaiamini Chati: Jinsi ya Kupima Ukali wa Lenzi kwa Picha Zako Mwenyewe

Lenzi yangu ya kwanza ya bei mbaya niliinunua kwa sababu ya jedwali. Ilikuwa 85mm f/1.8 (namba ya kwanza ni urefu wa fokasi; ya pili ni ya tundu linalopitisha mwanga, na ikiwa ndogo tundu ni pana), na katika kila kipimo nilichosoma ilishika nafasi za juu, katikati ya picha na pembeni. Wiki mbili baadaye nikapiga nayo picha za sherehe ya familia, nikafungua mafaili kwenye kompyuta, nikakuta picha zilizofifia ni nyingi vilevile kama zamani. Nikajua nimeuziwa lenzi mbovu. Kabla sijaanza kulalamika nikaangalia taarifa za kila picha, kasi ya shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga: 1/60 ya sekunde, 1/60, 1/80, tena 1/60. Lenzi haikuwa na kosa. Watu walikuwa wanacheza muziki, na mimi nilikuwa napiga kana kwamba wamesimama kusubiri picha ya pasipoti.

Tangu siku hiyo naisoma chati kwa jicho jingine. Kipimo cha maabara kinajibu swali moja: lenzi hii ikitulizwa kabisa, mbele ya kitu kisichotikisika, chini ya taa nzuri, inaweza kufika wapi? Swali la mpiga picha ni tofauti: ukali wa picha zangu unapotelea wapi? Mwongozo huu ni wa kuyaweka maswali hayo mawili mezani pamoja. Utahitaji kamera yako, lenzi unayoitilia shaka (au unayotaka kununua, kama unaweza kuiazima), tripodi, kioo kidogo bapa cha kujitazamia, na siku mbili hivi zisizo na haraka.

Tuelewane pia kuhusu neno. Mtaani "picha kali" ni picha iliyokupendeza, hata kama nusu yake ina ukungu. Hapa ukali ni uwezo wa picha kuonyesha kingo safi na vitu vidogo: kope, nyuzi za kitambaa, mchanga ukutani. Picha inaweza kuwa kali kwa maana moja na isiwe kali kwa maana nyingine, na mara nyingi ile ya mtaani ndiyo inayolipa.

Hatua ya 1: Fungua picha za zamani kabla hujapima chochote

Chukua picha 100 za karibuni ambazo hukuzichagua, nzuri na mbaya zikiwa zimechanganyika. Kuza kila moja hadi asilimia 100 na ujiulize kama sehemu uliyoikusudia ni kali. Isiyo kali iandikie chanzo. Vyanzo vinajitambulisha ukivizoea.

Kama kila kitu kimeburuzwa upande mmoja, na vinukta vya mwanga vimegeuka vistari, huo ni mkono wako. Kama ukuta wa nyuma ni safi lakini mtu ameburuzwa, aliyesogea ni yeye. Kama sikio ni kali na jicho halipo, fokasi imekosa. Kama ngozi inaonekana kama imepakwa nta na nywele zimeshikana kuwa kitu kimoja, umepiga kwa ISO ya juu (kiwango cha kamera kuukuza mwanga hafifu) na kamera imefuta chembechembe pamoja na maelezo ya picha. Ukiona picha nzima ni laini bila mburuzo, na hakuna mahali popote palipo kali, shuku hewa ya joto, kioo kichafu cha lenzi au filta ya bei rahisi. Na kama katikati ni safi lakini pembe moja au upande mmoja umelegea hata kwenye vitu vilivyo umbali uleule, hapo sasa lenzi inaitwa kujibu.

Hesabu kila kundi. Nilipofanya zoezi hili kwa mara ya kwanza, safu ya lenzi ilikuwa karibu tupu, na safu za mwendo na fokasi zilijaa hadi nikaona haya. Kama yako iko hivyo, jua kwamba lenzi mpya itakupa picha zilezile zilizoburuzwa, ila kwa mkopo. Endelea kusoma hata hivyo, kwa sababu hatua za mbele zinahusu makosa hayo pia.

Hatua ya 2: Soma chati kama unavyosoma mkataba

Kuna aina mbili kubwa za namba utakazokutana nazo, na watu huzichanganya kila siku.

Ya kwanza ni mikunjo ya MTF, yaani michoro ya uwezo wa lenzi kupitisha tofauti ya nyeusi na nyeupe, inayotolewa na watengenezaji. Mstari wa chini huanza na sifuri, yaani katikati ya picha, na kwenda hadi karibu milimita 21.6, ambayo ni pembe ya sensa (kipande cha kamera kinachopokea picha) ya milimita 36 kwa 24. Mstari wa wima unaonyesha ni kiasi gani cha tofauti ya nyeusi na nyeupe kinachobaki baada ya kupita kwenye lenzi: 1 ni yote, 0 ni hakuna. Mara nyingi kuna makundi mawili ya mikunjo. La jozi 10 za mistari, mweusi na mweupe, kwa milimita linaonyesha nguvu ya jumla, ule uchangamfu unaouona hata kwenye picha ndogo. Likikaa juu ya 0.8, lenzi ni nzuri sana upande huo. La jozi 30 linaonyesha vitu vidogo. Kila kundi lina mkunjo wa mistari inayoelekea pembeni kutoka katikati na mkunjo wa mistari inayokatiza njia hiyo. Mikunjo hiyo miwili ikiachana sana, tegemea pembe zisizotulia, na mara nyingi hata ukungu wa nyuma ya mhusika huwa na fujo.

Sasa soma maandishi madogo. Watengenezaji wengi hukokotoa mikunjo hiyo kwa kompyuta kutokana na mchoro wa lenzi. Hakuna lenzi ya kioo na chuma iliyopimwa. Kilichopimwa ni wazo. Zeiss kwa miaka mingi imechapisha mikunjo iliyopimwa kwenye lenzi zenyewe, na hutumia jozi 10, 20 na 40. Sigma hutoa mikunjo ya aina mbili, mmoja unaohesabu tabia ya mwanga kusambaa kwenye tundu na mwingine usioihesabu. Kwa hiyo kuweka mkunjo wa kampuni moja juu ya mkunjo wa kampuni nyingine na kutangaza mshindi ni kulinganisha urefu wa watu wawili, mmoja amevaa viatu na mwingine yuko pekupeku.

Aina ya pili ni vipimo vya wakaguzi wanaopiga chati kwa kamera, kisha programu kama Imatest ikasoma kingo na kutoa namba, kwa kawaida idadi ya mistari inayotenganika ndani ya kimo cha picha. Namba hizo ni za lenzi na kamera pamoja. Sensa yenye pikseli 4,000 kwa kimo haiwezi kuonyesha kwa uaminifu zaidi ya mistari 4,000, hata uiwekee lenzi gani. Lenzi iliyopata 3,000 kwenye kamera ya megapikseli 24 haijashindwa na iliyopata 3,800 kwenye kamera ya megapikseli 61. Hawakukutana uwanja mmoja. Na hata ndani ya uwanja mmoja, 3,200 dhidi ya 3,000 ni tofauti ya chini ya asilimia 7. Mimi tofauti iliyo chini ya asilimia 10 siiwekei fedha.

Kisha uliza ni lenzi ngapi zilizopimwa. Jibu la kawaida ni moja. Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya kukodisha lenzi ya LensRentals huko Marekani, alitumia miaka mingi kuweka lenzi nyingi za aina moja kwenye mashine ya kupimia, mara nyingi kumi kumi, na akaonyesha wazi kwamba ndugu hao wa tumbo moja hawafanani. Ya kwako inaweza kuwa bora kuliko ile ya mkaguzi, au mbaya zaidi. Chati haiwezi kukuambia ni ipi. Ndiyo maana kuna hatua ya 3.

La mwisho kuuliza ni umbali. Chati ya kupigwa kwa kamera huwekwa karibu, mara nyingi kati ya mara 25 na mara 50 ya urefu wa fokasi wa lenzi. Kwa 50mm hiyo ni mita 1.25 hadi 2.5. Mashine za maabara, kinyume chake, hupima lenzi ikiwa imeelekezwa mbali kabisa. Lenzi inayong'ara mita mbili inaweza kulegea kwenye milima ya mbali, na nyingine ikafanya kinyume. Kama kazi yako ni mandhari, kipimo cha mita mbili kinakuhusu kidogo tu.

Hatua ya 3: Ipime yako ukutani

Huna haja ya chati ya kununua. Ukuta wa matofali au wenye plasta ya kukwaruza, ulio bapa, kwenye kivuli cha mchana, unatosha. Kazi kubwa hapa ni kuhakikisha kamera inautazama ukuta uso kwa uso, maana digrii mbili tu za kupinda zitakufanya uilaumu lenzi kwa dhambi ya tripodi.

Hapa ndipo kioo kinapoingia. Kibandike bapa ukutani pale katikati ya picha patakapokuwa. Angalia kupitia kamera na usogeze tripodi hadi uione lenzi yako mwenyewe ndani ya kioo, katikati kabisa ya fremu. Ukiiona hapo, sensa na ukuta viko sambamba. Ni ujanja wa zamani na sijapata unaoupita kwa bei.

Ondoa filta yoyote. Zima kitulizaji cha mtikisiko, kiwe cha lenzi au cha sensa. Weka ISO ya chini, piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), tumia kuchelewesha shata sekunde 2 au zaidi ili kidole chako kisihusike, na kama kamera yako ina kioo cha ndani kinachoruka, kiinue kwanza. Fokasi katikati kwa kukuza taswira kwenye skrini. Anza na tundu likiwa wazi kabisa, kisha shuka: f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Katika kila tundu piga picha tatu, na kabla ya kila moja vuruga fokasi kisha ifokasi upya. Ile bora kati ya tatu ndiyo ya kulinganisha. Picha moja haithibitishi kitu. Unaweza kuwa umekosa fokasi kwa unywele ukadhani umegundua siri ya kiwanda.

Unapozifungua kwenye kompyuta, shusha unoaji wa programu hadi sifuri au uuache sawa kwa picha zote. Programu nyingi hunoa picha kimyakimya tangu unapoifungua, na JPEG ya kamera imeshanolewa kabla hujaiona. Zima pia urekebishaji wa lenzi kwa mzunguko wa kwanza, kisha uuwashe kwa wa pili: kunyoosha mistari iliyopinda huvuta pembe za picha, na pembe iliyovutwa hupoteza ukali. Kwa kuwa mwishowe utatumia picha iliyorekebishwa, huo mzunguko wa pili ndio wa kuamini kwa kazi ya kila siku.

Sasa tazama pembe nne. Kama zote nne zimelegea kwa kiasi kinachofanana, hiyo ni tabia ya lenzi kwa tundu hilo. Angalia kama inapona kwa f/5.6. Kama kulia pamelegea na kushoto ni safi, usikimbilie dukani. Geuza kamera juu chini bila kubadili mwelekeo wake, piga tena. Ulegevu ukihamia kushoto mwa fremu, yaani umebaki sehemu ileile ya ukuta, kosa ni la mpangilio wako. Ukibaki kulia mwa fremu ingawa sasa unatazama upande mwingine wa ukuta, kuna kioo ndani ya lenzi kilichokaa upande. Hiyo ni kasoro ya kweli, na picha hizo mbili ndizo ushahidi wa kumpelekea aliyekuuzia.

Kuna jambo moja ambalo ukuta hudanganya: lenzi nyingi haziweki ukali kwenye ubapa. Ukali wao umejikunja kama bakuli, kuelekea kwako au kuelekea mbali. Kwenye ukuta, pembe zinaonekana mbovu. Uwanjani, pembe za chini mara nyingi ni ardhi iliyo karibu nawe, na bakuli hilo huenda likazisaidia. Kuliona, nenda penye nyasi fupi au kokoto, shusha kamera, fokasi katikati kwa mbali kidogo, piga tundu likiwa wazi, kisha kwenye programu ya kuhariri weka athari ya kutafuta kingo. Utepe wa ukali utajichora kwenye nyasi: ulionyooka, uliopinda mbele, uliopinda nyuma, au wenye mawimbi kama masharubu. Ukishaijua sura hiyo ya lenzi yako utajua wapi pa kumweka mtu anayesimama mwishoni mwa safu.

Hatua ya 4: Tafuta tundu ambalo lenzi zote zinafanana

Mwaka 1835 mtaalamu wa nyota Mwingereza, George Airy, alieleza kwa hesabu jinsi nukta ya mwanga ikipita kwenye tundu la mviringo inavyogeuka kuwa duara dogo lenye pete. Duara hilo hutegemea tundu, na halijali jina lililoandikwa kwenye lenzi. Kwa mwanga wa kijani zidisha namba ya f kwa 1.34 upate upana wake kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita). Kwa f/2.8 ni karibu mikroni 3.8; kwa f/8 ni 10.7, kwa f/16 ni 21.4. Pikseli moja ya kamera ya fremu kamili (yenye ile sensa ya 36 kwa 24) ya megapikseli 24 ina upana wa mikroni 6.

Ukirudi kwenye picha zako za ukutani utaiona hesabu hiyo kwa macho. Ukali unapanda kutoka tundu wazi hadi f/4 au f/5.6, unatulia, kisha kuanzia f/11 unashuka polepole, na kwa f/16 picha nzima imekuwa laini kwa usawa. Weka lenzi ya gharama na ya kawaida zote kwa f/11 kisha mwombe mtu akutajie ipi ni ipi. Mandhari mengi hupigwa kwa f/8 hadi f/11, na chati nyingi za kutambiana ni za f/1.4. Aliyenunua lenzi kwa ajili ya milima baada ya kusoma namba za tundu wazi amelipia chumba ambacho hatalala.

Usiogope f/16 hata hivyo. Ukihitaji ua la mbele na mlima wa nyuma vyote viwe wazi, ulegevu mdogo wa fremu nzima ni nafuu kuliko ua lisilosomeka, na unoaji wa kawaida hurudisha sehemu kubwa.

Hatua ya 5: Pima mkono wako na miguu ya unaowapiga

Toa kamera kwenye tripodi. Simama kama unavyosimama kazini, washa kitulizaji, na upige ukuta uleule picha 10 kwa kila kasi: 1/30, 1/60, 1/125, 1/250, 1/500. Hesabu ngapi kati ya kumi zinafanana na ya tripodi. Kanuni ya kutumia kasi isiyopungua moja juu ya urefu wa fokasi wa lenzi ilizaliwa enzi za filamu na picha za kuchapa kwa ukubwa wa kawaida. Ukikagua kwa asilimia 100 kwenye sensa yenye pikseli ndogo, wengi wetu tunahitaji mara mbili ya hapo. Kasi utakayopata 8 kati ya 10 ndiyo kikomo chako. Iandike mahali.

Kitulizaji kinatuliza kamera tu. Mtu anayetembea kwa kawaida huenda karibu mita 1.4 kwa sekunde. Akikatiza mbele yako umbali wa mita 5 na una 50mm, kwa 1/60 husogea sentimita 2.3 wakati shata liko wazi, na kwenye sensa ya megapikseli 24 huo ni mburuzo wa pikseli 39 hivi. Kwa 1/500 ni karibu pikseli 5. Lenzi bora kuliko zote duniani kwa 1/60 itakupa mburuzo wa pikseli 39 wenye rangi nzuri. Mimi namba hii ndiyo iliyonitibu ugonjwa wa kusoma majedwali usiku.

Kwa hiyo piga mtu pia. Mwombe rafiki apite mbele yako mara kadhaa kwa kila kasi, akitembea, kisha akizungumza huku anatumia mikono. Utashangaa mkono wa mtu anayesimulia jambo unavyokimbia.

Hatua ya 6: Pima fokasi, kwa sababu ndipo tundu kubwa hulia

Kwa 85mm f/1.8, mhusika akiwa mita 2, kina cha ukali kwa kipimo cha kawaida cha ukungu unaovumilika, milimita 0.03 kwenye sensa, ni karibu sentimita 6, mbele na nyuma ya jicho kwa pamoja. Ukidai ukali wa pikseli moja ya mikroni 6, kina hicho hushuka hadi sentimita 1.2 hivi. Mtu akipumua tu amekwisha toka.

Jaribio ni rahisi. Mkalishe mtu, tumia fokasi otomatiki kama kawaida yako, piga picha 20, na kila mara elekeza kamera kwenye kitu kingine kwanza ili fokasi ianze upya. Hesabu ambazo kope za jicho la karibu ni safi. Rudia kwenye mwanga hafifu. Hiyo ndiyo namba ambayo chati haikupi, na katika kazi za watu ina uzito kuliko pembe nne zote. Lenzi inayopata 18 kati ya 20 na ukali wa wastani itakupa picha nyingi nzuri kuliko yenye ukali wa kutisha inayopata 9.

Kama kwenye kamera yenye kioo kinachoruka makosa yote yameangukia upande mmoja, tuseme daima ni sikio, lenzi na kamera hazijapatana. Kamera nyingi za aina hiyo zina marekebisho madogo ya fokasi ndani ya menyu. Zisizo na kioo hufokasi kwa sensa yenyewe, hivyo tatizo hilo kwa kawaida halipo. Lakini makosa yakitawanyika huku na huku, angalia mazoea yako. Kufokasi kwenye jicho kisha kuzungusha kamera digrii 10 ili kupanga fremu, kwa mita 2, huacha ubapa wa ukali sentimita 3 nyuma ya jicho. Umetumia nusu nzima ya kina chako kabla hujabonyeza. Sogeza nukta ya fokasi badala ya kuzungusha kamera.

Hatua ya 7: Ipeleke inakokwenda kazini

Siku ya pili ni ya kupiga kile unachopiga kweli, mahali unapopigia, saa unazopigia. Ukiwa na lenzi mbili, zibadilishe kwenye tukio lilelile bila kubadili mipangilio. Hapa angalia mambo ambayo maabara huyaacha mlangoni. Elekeza lenzi karibu na jua: je, nyeusi inabaki nyeusi au picha inajaa maziwa? Lenzi inayopoteza nguvu kwenye mwanga wa mbele huonekana laini hata kama kingo zake ni safi. Tazama matawi mbele ya anga nyeupe kama yana ukingo wa zambarau au kijani. Tazama ukungu wa nyuma ya mhusika kama umetulia. Na pima uzito wake baada ya saa tatu mkononi, maana mkono uliochoka una kikomo kingine cha shata, tofauti na ulichoandika asubuhi.

Kwa lenzi ndefu kuna hewa. Mchana, juu ya ardhi iliyopata moto, hewa hucheza kama maji, na lenzi ya 400mm huukuza mchezo huo pamoja na mnyama. Piga kitu kilichosimama mbali asubuhi na mapema, kisha saa saba mchana, uone. Watu wamerudisha lenzi nzima kabisa kwa kosa la jua.

Hatua ya 8: Linganisha kwa ukubwa utakaotumia, bila kujua ipi ni ipi

Asilimia 100 ni darubini ya kutafutia kosa. Si mahali pa kutolea hukumu. Picha ya pikseli 6,000 kwa upana ikishushwa hadi 1,080 kwa ajili ya simu, pikseli 31 hivi za awali zinakuwa moja. Ule mburuzo wa pikseli 5 wa 1/500 umetoweka. Ule wa 39 umebaki karibu 7, na bado unaonekana. Skrini ya 4K nzima ni megapikseli 8.3 tu. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi, pikseli 6,000 zinakupa karibu sentimita 51 za upana, na hapo ndipo pembe za lenzi zinapoanza kuwa na la kusema. Na usilinganishe kamera ya megapikseli 24 na ya 61 zote zikiwa kwenye asilimia 100: ya pili unaitazama ikiwa imekuzwa karibu mara 1.6 zaidi, na itaonekana mbaya zaidi ingawa ina maelezo mengi zaidi. Zishushe zote ziwe na upana mmoja kwanza.

Chagua picha 10 za kila lenzi kutoka hatua ya 7, zihamishe kwenye folda moja kwa upana wa mwisho, futa majina na taarifa za kamera, kisha mpe mtu mwingine azichanganye na kuzipa namba. Acha siku ipite. Zipange katika mafungu mawili bila kukuza. Ukipatia kama 10 au 11 kati ya 20, umebahatisha, na macho ya mteja wako yatabahatisha vilevile.

Hatua ya 9: Amua

Weka karatasi zako pamoja: hesabu ya hatua ya 1, pembe za hatua ya 3, kikomo cha shata, alama za fokasi, na mafungu ya jana. Kama upande mmoja umelegea na jaribio la kugeuza limethibitisha, irudishe au ibadilishe mapema, kabla muda wa kurudisha haujaisha. Kama umeinunua mkononi mwa mtu, mwonyeshe zile picha mbili kabla hamjamalizana. Kama fokasi ndiyo inayokuangusha, kamera mpya zaidi inaweza kukusaidia kuliko lenzi. Kama ni mwendo, jaribu kupandisha ISO kwa hatua mbili kwa mwezi mzima kabla hujagusa akiba: chembechembe hupunguzwa na programu, mburuzo hauondoki. Na kama pembe zinakukera kwenye picha kubwa za kuchapa, kwa tundu unalotumia, kwa umbali unaotumia, basi rudi kwenye chati ukiwa na swali hilo moja tu, uzisome namba za tundu hilo na umbali huo, na uache nyingine zote.

Picha za ukutani usizifute. Ziweke kwenye folda yenye tarehe, umbali na tundu. Siku lenzi itakapoanguka, au ukiitilia shaka baada ya safari ndefu, utarudi kwenye ukuta uleule na kioo kilekile, nusu saa tu, na utakuwa na kitu cha kulinganisha nacho.